NJIA MOJA, MIZUNGUKO SABA
Mada kuhusu kutembea kwa utulivu kama sherehe ya ushirika na pumziko la roho, iliyotolewa katika Jubilei ya Miaka Mia ya Usharika

 

Kamati ya Jubilei imenipa jukumu la kuzungumza juu ya njia ya mawe iliyopangwa na vijana pamoja na wazee wetu upande wa mashariki wa kanisa, ambayo wengi wenu mmeipita asubuhi ya leo. Nilipokubali jukumu hili nilijua kwamba usharika una maswali matatu. Wapo wanaouliza njia hii imetoka wapi. Wapo wanaouliza kama inapatana na imani yetu ya Kilutheri. Na wapo wanaouliza kama itabaki mahali pake baada ya sherehe hizi kwisha, au kama eneo lile litajengwa fremu za maduka. Nitayajibu yote matatu kwa utaratibu huo.

1. Njia hii ni nini, na imetoka wapi

Kiswahili kina neno la zamani, mzingile, na wengine husema mzingile mwambiji, yaani njia zilizopindana hata aliyeingia asijue pa kutokea. Njia yetu si mzingile wa namna hiyo. Katika mzingile kuna njia panda, kuna njia zisizo na mwisho, na mtu huingia ili apotee. Katika njia yetu hakuna njia panda hata moja. Mlango ni mmoja, njia ni moja, na anayeendelea kutembea hufika katikati bila shaka. Kisha hugeuka na kurudi kwa njia ileile aliyoijia. Wataalamu huiita labirinti. Mimi nitaiita njia ya mizunguko.

Wengi hudhani kwamba jambo hili limetoka Ulaya. Ni kweli kwamba njia ya mizunguko iliyo mashuhuri kuliko zote imo katika Kanisa Kuu la Chartres, nchini Ufaransa. Iliwekwa sakafuni mwanzoni mwa karne ya 13, ina pete 11 na kipenyo cha karibu mita 13, na mwenye kuifuata kutoka mlangoni hadi katikati hutembea zaidi ya mita 260 bila kutoka nje ya duara hilo. Ni kweli pia kwamba katika pwani za Sweden na Finland ipo mizunguko mingi ya mawe yaliyopangwa ardhini, na masimulizi ya huko husema kwamba wavuvi waliitembea kabla ya kwenda baharini.

Lakini njia ya mizunguko ya kale kuliko zote zinazojulikana ndani ya kanisa la Kikristo haikupatikana Ulaya. Ilipatikana Afrika. Katika mji wa Chlef nchini Algeria, ambao Warumi waliuita Castellum Tingitanum, yalifukuliwa mabaki ya kanisa ambalo maandishi yake yanataja mwaka 324. Katika sakafu yake, kwa vijiwe vya rangi, palikuwa na njia ya mizunguko, na katikati yake herufi zilipangwa hata zikasomeka kwa pande nyingi maneno yenye maana ya "Kanisa Takatifu". Sakafu ile ilihamishwa, na leo imehifadhiwa katika Kanisa Kuu la Algiers. Hiyo ndiyo Afrika ya Kaskazini iliyomlea Augustino, na Martin Luther alikuwa mtawa wa shirika lililobeba jina la Augustino huyo. Basi mtu asituambie kwamba tumeazima kitu cha wageni. Kanisa la bara letu lilikuwa nacho karne nyingi kabla ya Chartres.

Katika siku zetu desturi hii imeamka upya. Mwaka 1991 mchungaji mmoja wa Kianglikana, Lauren Artress, alitandika njia ya mizunguko iliyochorwa juu ya turubai katika Kanisa Kuu la Grace, San Francisco, nchini Marekani, na watu wakaja kuitembea kimya kimya. Tangu hapo njia za namna hiyo zimejengwa katika viwanja vya makanisa, hospitali, shule na hata magereza. Tangu mwaka 2009 kumekuwa na siku maalumu, Jumamosi ya kwanza ya Mei, ambapo watu wa nchi mbalimbali hualikwa kutembea saa saba mchana kwa saa za mahali walipo, ili mwendo wa kutafuta amani uizunguke dunia pamoja na jua.

2. Ilivyopangwa hapa kwetu

Napenda kueleza kwa ufupi jinsi ilivyochorwa, kwa sababu wageni kadhaa wameomba kufanya hivyo kwao. Haihitaji mhandisi. Mchoro huanza na msalaba. Katika kila pembe ya msalaba huwekwa kona moja ya mraba, na nje ya kila kona huwekwa nukta moja. Kisha kichwa cha msalaba huunganishwa kwa upinde na ncha ya mstari ulio jirani upande mmoja. Ncha inayofuata upande wa pili huunganishwa na inayofuata upande wa kwanza. Na hivyo hivyo, kila upinde ukipita juu ya ule uliotangulia, mpaka ncha zote 16 zimalizike. Matao yanayopatikana ni manane, na kati yake hupatikana mizunguko saba. Ukitaka njia yenye upana wa mita moja, uwanja wa mita 16 au 17 unatosha.

Kule kwingine hupanda maua au nyasi kutenganisha njia. Sisi tunaishi katika nchi ambayo mvua yake haifikii milimita 600 kwa wastani wa mwaka, na maji ya kumwagilia maua ni maji ambayo mama fulani angeyateka kwa ajili ya watoto wake. Kwa hiyo tumetumia mawe ya milima yetu, ambayo Mungu hakutunyima kamwe.

Mliotembea asubuhi mmeona jambo la ajabu. Mlango haukuingizi katika mzunguko wa nje. Unakuingiza katika mzunguko wa tatu, hata ukadhani umeshaanza kukaribia. Kisha njia inakurudisha nje, mzunguko wa pili, halafu wa kwanza, mbali kabisa na katikati. Baadaye inakuvuta mpaka wa nne, na ghafla mpaka wa saba, ambapo kati yako na kitovu pana safu moja tu ya mawe. Hapo ndipo wengi hutaka kuruka. Lakini njia inakutoa tena, mzunguko wa sita, kisha wa tano, na kutoka wa tano, pale unapoona umetupwa nyuma, ndipo unapofika.

Wapendwa, hiyo ndiyo historia ya usharika huu kwa miaka mia. Waliotutangulia walikuja kwa miguu, au kwa reli iliyofika Dodoma mwaka 1910. Walianza kazi katika nchi iliyokuwa bado inawalilia wafu wake. Wazee wetu waliiita njaa ile Mtunya. Vita Kuu ya Kwanza ilichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa Ugogo kwa ajili ya majeshi, kwanza ya Wajerumani na kisha ya Waingereza. Ukame ukafuata, na homa ya mafua ya mwaka 1918 ikaongeza misiba. Wanahistoria wamekadiria kwamba kati ya watu wapatao 150,000 wa Ugogo, kama 30,000 walikufa. Waliobaki walitembea. Walitembea kwenda kuhemea, wakibeba watoto, na wengine hawakurudi. Neno la Mungu lilikuja kwa watu ambao miguu yao ilijua njia ndefu kuliko sisi sote tuliomo katika hema hili. Usharika uliozaliwa baada ya mambo hayo hauwezi kusema kwamba njia yake ilikuwa mstari ulionyooka.

3. Je, jambo hili linapatana na imani yetu?

Hapa nataka kusema wazi, kwa sababu swali limeulizwa kwa uchungu na watu ninaowaheshimu.

Swali la kwanza ni hili: Je, Mlutheri anaweza kwenda hija? Luther mwenyewe alitembea kutoka Ujerumani hadi Roma katika miaka ya 1510 na 1511. Alirudi, na baadaye, mwaka 1520, alipowaandikia wakuu wa taifa lake, alitaka hija za Roma zikomeshwe. Hakuchukia miguu ya watu. Alichukia mafundisho kwamba miguu yaweza kununua neema. Aliona baba wa familia akitumia fedha zake zote njiani huku mke na watoto wakiteseka nyumbani, akiamini kwamba amempendeza Mungu. Basi na tulishike neno hili: hakuna mtu atakayehesabiwa haki kwa kuizunguka mizunguko saba, wala mara saba, wala mara mia. Tunahesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani. Anayetembea pale hapati kitu ambacho aliyebaki kwenye benchi amekikosa. Na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 7, linatufundisha kwamba si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu ziwe sawa kila mahali; Injili ihubiriwe kwa usafi na sakramenti zitolewe ipasavyo, hilo latosha kwa umoja wa Kanisa. Njia ya mawe ni desturi. Atakaye na aitembee, asiyetaka na asilaumiwe.

Swali la pili ni zito zaidi katika nchi yetu: Je, kuzunguka mawe si kurudia matambiko? Hatuwezi kujifanya kwamba swali hili halina msingi. Huko Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, pako mahali kama Mongomi wa Kolo ambapo watu wameendelea kufanya matambiko ya mvua na uponyaji. Mkristo mwenye asili ya nchi hii ana haki ya kuuliza tofauti iko wapi. Jibu langu ni kwamba jiwe halina kosa. Yoshua aliwaagiza watu wachukue mawe 12 kutoka katikati ya Yordani, ili watoto watakapouliza mawe haya maana yake nini, wazazi wapate kusimulia matendo ya Mungu. Tofauti iko katika kile tunachotarajia kutoka kwa jiwe. Sisi hatuyaombi mawe yale, hatuyapi kitu, wala hatuachi kitu juu yake. Yanatuonyesha pa kukanyaga, basi.

Swali la tatu sijaulizwa na mtu, lakini nalileta mwenyewe, kwa kuwa hatari yake ni kubwa kuliko zile mbili. Tunaishi katika siku ambazo mafuta, maji, vitambaa na hata udongo huuzwa kwa jina la Bwana. Kwa hiyo ninawasihi wazee wa kanisa waandike katika kumbukumbu za kikao, na mchungaji atakayekuja baada yetu azikute: pasiwekwe sanduku la sadaka mlangoni mwa njia ile, pasitolewe ahadi ya uponyaji, na mtu yeyote asisimamishwe mbele ya watu kushuhudia kwamba mizunguko imemfungulia kazi, mchumba au mtoto. Siku hayo yatakapoanza, yaondoeni mawe yale yakajenge choo cha shule ya Jumapili, nayo yatakuwa yamefanya kazi njema.

4. Faida yake kwetu

Kama haituokoi wala haituponyi, inatufaa nini? Nitataja mambo mawili.

La kwanza ni utulivu. Mji huu umebadilika. Uamuzi wa kuufanya makao makuu ulitolewa mwaka 1973, lakini ni tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu, ndipo tulipoona mambo kwenda mbio. Mwaka 2018 tukawa jiji. Katika ibada zetu leo wamo watumishi walioacha familia zao Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo, vijana waliokuja kutafuta vibarua, na wenyeji ambao mashamba ya baba zao yamekuwa viwanja. Wote wana mzigo, na wengi hawana wa kumwambia.

Nasi tuna shida nyingine ambayo ni yetu wenyewe. Katika mji huu ipo Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, ambayo imewahudumia wagonjwa wa akili wa taifa zima. Jina lake lina maana ya amani. Lakini sisi, kwa midomo yetu, tumeligeuza jina hilo kuwa tusi. Tunamwambia mwenzetu, "Wewe ni wa Mirembe," na watu hucheka. Matokeo yake ni kwamba mtu asiyelala usingizi, mtu ambaye moyo wake umejaa giza, hunyamaza. Anaogopa kwenda hospitali asije akaonekana getini. Anaogopa kuja kwa mchungaji asije akaambiwa hana imani. Eliya, nabii wa Mungu, alikaa chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa upungufu wa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena kwa sababu safari ilikuwa kubwa. Ndipo akatembea, siku arobaini.

Sidai kwamba njia ya mawe ni dawa. Mwenye ugonjwa na aende hospitali, na usharika umsindikize bila aibu. Lakini kati ya kunyamaza na kwenda hospitali mtu anahitaji mahali pa kuanzia. Anayetembea polepole, akijua kwamba hahitaji kuchagua njia wala hawezi kupotea, pumzi yake hushuka, na mawazo yaliyokuwa yakigongana huanza kusimama kwenye mstari. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mtu anaweza kuzunguka pale jioni, upepo unapoanza kupoa, bila kumweleza yeyote kwa nini amekuja. Na mchungaji au mzee wa kanisa akiwa ameketi karibu, labda mara ya tatu mtu yule atasema neno.

La pili ni ushirika. Asubuhi ya leo mmejionea wenyewe. Njia ni moja, hivyo wanaoingia hukutana uso kwa uso na wanaotoka, na hakuna anayeweza kupita bila mmoja kumpisha mwenzake. Nimemwona kijana wa kipaimara akimpisha mzee, na mzee akimpisha mtoto. Nimewaona watu wawili ambao usharika mzima unajua kwamba hawajasalimiana kwa muda mrefu, wakikutana katika mzunguko wa nne, ambapo hakuna pa kukwepea. Sikusikia walichosema. Niliona mmoja amesogea kando. Na yule bibi yetu mwenye fimbo, ambaye ni mkubwa kwa umri kuliko wote waliopo, alitembea kwa mwendo wake, na nyuma yake kwaya nzima ya vijana ikapunguza mwendo kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kumpita. Sijui ni mahali gani pengine katika jiji hili ambapo vijana hao wanalazimika kutembea kwa mwendo wa bibi. Ngoma, vigelegele na nyimbo vinatuunganisha, navyo tutaendelea navyo mchana huu kwa furaha kubwa. Lakini sherehe inahitaji pia saa moja ya kusikia hatua za miguu ya mwenzako.

5. Neno langu kuhusu eneo lile

Sasa nifike kwenye jambo ambalo linatugawa. Eneo lile liko kando ya barabara. Ni kweli kwamba likijengwa fremu litaleta kodi kila mwezi, na ni kweli kwamba usharika una mahitaji: paa la kanisa, mshahara wa mwinjilisti, ada za watoto yatima tunaowasomesha. Waliotoa wazo hilo si watu wa tamaa. Ni watu wanaoupenda usharika na wanaojua hesabu, na ninaomba asiwepo wa kuwasema vibaya.

Hata hivyo naomba baraza la wazee lipime na upande huu. Jiji linapokua, ardhi yote hupata bei, na kila mahali panapokuwa na bei mtu maskini huulizwa amekuja kununua nini. Kiwanja cha kanisa kitabaki kuwa miongoni mwa sehemu chache ambapo mtu anaweza kuingia bila kuulizwa swali hilo. Zipo pande nyingine za kiwanja chetu, ule wa kaskazini na ule wa nyuma ya ofisi, ambazo zaweza kupokea fremu chache. Kodi yake itakuwa ndogo zaidi, sikatai. Lakini ninaomba tukubali upungufu huo kwa hiari, kama sadaka ya Jubilei, ili waliochoka wapate mita 16 za ardhi zisizouzwa.

Sitaki uamuzi huu utolewe kwa makofi ya siku ya sikukuu. Naomba uende katika kikao cha baraza, kisha mkutano mkuu wa usharika, na wenye wazo la fremu wapewe nafasi kamili ya kusema. Kabla ya kikao hicho nina ombi moja tu: kila mjumbe, wa upande huu na wa upande ule, aitembee njia ile mara moja, peke yake, jioni, kisha aje apige kura kama dhamiri yake itakavyomwongoza. Mimi nitaukubali uamuzi wowote utakaofikiwa.

Wanafunzi wawili walitembea kutoka Yerusalemu kwenda Emau, wakiwa na huzuni, na Bwana aliyefufuka akajiunga nao njiani, akaenda kwa mwendo wao. Yeye aliyetembea na waliotutangulia kwa miaka mia hii, katika njaa na katika neema, na aende pamoja nasi katika mizunguko iliyobaki.

 Amina.